Neno la Mhariri: Kadi Imfuate Mwenye Haki

Toleo hili halidai sheria mpya ya kitaifa. Sheria tunazo, tena nzuri. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma, kuwasiliana kwa lugha ya ishara au kwa breli, na kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kabla ya hapo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwisha kuanzisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao. Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, baada ya mswada wake kusimamiwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi sasa anatakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi zake za kazi kwa watu wenye ulemavu.

Tunachouliza ni hiki: katika hayo yote, ni lipi limemfikia mkazi wa Mutha, wa Tseikuru, wa Kathonzweni au wa Mtito Andei, huku kwetu Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni? Jibu tulilolipata katika kuandaa kurasa hizi linasikitisha, na chanzo chake ni kimoja. Karibu kila msaada ambao serikali imeahidi hupitia mlango mmoja, nao ni usajili wa Baraza na kadi yake. Gharama ya kuufikia mlango huo amebebeshwa yule yule ambaye sheria ilisema asaidiwe.

Tazama njia yenyewe. Anayetaka kusajiliwa lazima kwanza apimwe na jopo la wahudumu wa afya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Fomu yake itiwe sahihi na mihuri, na maombi yapitie mtandao wa eCitizen, kisha asubiri kadi. Mtu anayeishi mjini Wote au Kitui huenda asione uzito wowote hapo. Lakini Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000, yaani ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na sehemu kubwa ya barabara zake ni za mchanga na udongo, zinazokatwa na mito ya msimu mvua ikinyesha. Mtu asiyetembea hupakiwa kwenye bodaboda hadi barabara kuu, akashikiliwa na ndugu yake asianguke, kisha matatu. Nauli ni ya watu wawili, na mara nyingi kiti cha magurudumu nacho hulipiwa kama mzigo. Akifika hospitalini akute jopo haliketi siku hiyo, safari nzima ni ya kurudiwa. Kiziwi naye akifika na kukosa mkalimani wa lugha ya ishara, atajibiwa maswali yake na jirani aliyemsindikiza.

Haya yanatendeka mahali ambapo wahitaji ni wengi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, jumla yao ikiwa zaidi ya watu 900,000. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoongoza, ikiwa na takribani watu 4 katika kila 100. Hatulishangai hilo. Ulemavu huongezeka kwa umri, na Ukambani ni nchi ambayo vijana wengi huenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, wakawaacha wazee wakitunza boma, macho yakififia na magoti yakikataa. Wengi wa wazee hao hawajioni kuwa watu wenye ulemavu, wala hapana aliyewaeleza kwamba wanaweza kusajiliwa.

Tukija kwenye fedha, msaada unaojulikana zaidi ni ule wa Inua Jamii kwa kaya zenye mtu aliye na ulemavu mkubwa. Kiwango chake kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali bei ya unga na nauli hazikusubiri. Kwa miaka mingi mpango huo ulihudumia takribani kaya 47,000 katika nchi nzima. Hulenga kaya maskini ambazo ndani yake kuna mtu anayehitaji kuhudumiwa usiku na mchana: kulishwa, kuogeshwa, kulindwa asijidhuru. Ni kigezo cha huruma, nasi hatukipingi. Ila kina pengo pana. Mwanamke aliyepoteza mkono mmoja na anayelima kwa ule uliobaki hahesabiwi kuwa na ulemavu mkubwa. Kijana asiyesikia aliyemaliza shule na kukosa kazi hahesabiwi pia. Hao si wagonjwa wa kulala, na wakati huo huo hawana mshahara. Serikali imewaacha katikati.

Mtu anaweza kusema kwamba hao wa katikati wamewekewa misaada ya kazi. Tuipime basi. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa, akipata cheti cha Mamlaka ya Ushuru, hasamehewi kiasi kidogo: shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi hazikatwi kodi. Watumishi wa umma wenye ulemavu hustaafu wakiwa na miaka 65 badala ya 60. Hizo asilimia 5 za nafasi za kazi nazo zimo katika sheria. Yote ni mema, na kila mwenye ulemavu aliyeajiriwa Kitui na Makueni ayadai bila woga. Lakini angalia yanamsaidia nani. Msamaha wa kodi unamfaa mwenye mshahara. Asilimia 5 zina maana palipo na mwajiri wa watu 20, na katika kaunti hizi mbili waajiri wa namna hiyo ni wachache: serikali za kaunti zenyewe, hospitali, shule, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, kiwanda cha matunda cha Kalamba, kiwanda cha nguo cha kaunti kule Syongila na vingine vichache. Watu wetu walio wengi hula jasho la shamba na soko. Wanapanda ndengu na mtama, wanauza maembe na asali, wanafuga mbuzi, wanasuka vyondo, wanashona viatu chini ya mti. Msaada wa kazi usioweza kufika chini ya mti huo haujawafikia watu wa Ukambani.

Upo mfuko unaoweza kufika. Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoanzishwa na sheria ya 2003, hutoa vifaa vya kazi kama cherehani, vifaa saidizi, karo, na ruzuku kwa vikundi. Hapo ndipo tunapotaka fedha ziongezwe, kwa kuwa cherehani moja kijijini humfanya mtu ajitegemee bila kumsubiri mwajiri asiyekuwapo. Vikundi navyo si jambo geni kwetu. Mwethya ndio uliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika vilima vya Ukambani, watu wakisaidiana shamba kwa shamba. Kikundi cha watu wenye ulemavu chenye akaunti, daftari na viongozi waliochaguliwa ni mwethya wa leo, na kinastahili kuaminiwa kwa mtaji.

Majirani zetu wa Tanzania wametangulia katika hili. Sheria yao, tangu 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa. Tunajifunza mawili hapo. Serikali ya mashinani inaweza kutenga fungu lake yenyewe bila kungoja mji mkuu, na fungu hilo lisipokaguliwa huliwa. Mabunge ya Kitui na Makueni yana uwezo wa kutunga sheria ya aina hiyo na kuiwekea ukaguzi tangu siku ya kwanza.

Lipo pia tatizo la hofu. Kaya iliyoingizwa katika Inua Jamii kwa sababu ya umaskini huogopa kuonekana imeinuka. Mama akipata mbuzi watano au kibanda sokoni, huhofia jina la mwanawe litafutwa. Nchi nyingine zimekumbana na hofu hiyo hiyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1999 ili anayepokea malipo ya ulemavu aweze kujaribu kazi bila kupoteza mara moja bima yake ya matibabu, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba wengi walibaki nyumbani kwa kuogopa kukosa vyote viwili. Nasi tunahitaji kanuni iliyo wazi na inayotangazwa barazani na chifu: pato dogo la kazi halimwondoi mtu katika orodha. Msaada unaomwadhibu anayejitahidi unamrudisha kitandani.

Wapo watakaotuambia kwamba upimaji lazima uwe mgumu kwa sababu ya udanganyifu, kwamba watu wazima na afya zao wamejipatia vyeti ili wakwepe kodi au waingize magari bila ushuru. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo inayotupa jibu. Anayedanganya hufuata kodi ya mshahara mkubwa na ushuru wa gari. Hafuati fimbo nyeupe wala magongo. Basi ukali uwekwe palipo na pesa nyingi, na wepesi uwekwe palipo na haja kubwa. Aliyekatwa mguu, au aliyezaliwa haoni, apimwe mara moja tu maishani. Anayeomba kiti cha magurudumu asipitie njia ile ile ya anayeomba msamaha wa ushuru wa gari.

Na fedha za kuwafuata watu vijijini zitatoka wapi? Sehemu kubwa ya kazi imekwisha kulipiwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Hao huingia nyumba kwa nyumba, na wanajua nyuma ya mlango gani kuna mtoto asiyetoka nje. Waongezewe jukumu la kuandikisha majina, na jopo la upimaji lipange siku zake katika zahanati za wadi kwa orodha hiyo. Makueni ina ngazi nyingine tena. Tangu enzi ya Gavana Kivutha Kibwana, wananchi wake wamezoea kukutana kuanzia kijiji, hadi wadi, hadi kaunti, kujadili miradi ya maendeleo. Ngazi iliyopandisha hoja za visima na barabara inaweza kupandisha pia majina ya watu.

Makala za toleo hili zinafuata njia hiyo. Zipo zinazoeleza hatua za usajili moja baada ya nyingine, zipo za walezi, zipo za mafundi na wakulima wenye ulemavu wanaosema wenyewe wanachohitaji ili wafanye kazi. Tumewapa nafasi kubwa wao kuliko maafisa, kwa sababu wao ndio wanaoijua gharama.

Kwa serikali za Kitui na Makueni ombi letu ni moja: tangazeni ratiba ya upimaji katika kila wadi, muitekeleze, na mtoe hesabu ya waliopimwa kila mwaka. Kwako msomaji, bajeti ijayo ya kaunti itakapoletwa kwa wananchi, nenda ukae mbele. Nenda na jirani yako mwenye ulemavu, umlipie nauli ikibidi. Simameni muulize: mwaka huu, katika wadi yetu, wangapi wamepimwa, wangapi wamepata kadi, na wangapi wamepata kitu kwa kadi hiyo? Msikubali kurudi nyumbani kabla ya kupewa takwimu hizo tatu.