Daraja la Shahada si Sadaka: Hesabu Iwekwe Wazi

Kila mwaka, msimu wa mahafali ukikaribia, vyuo vikuu vyetu hutangaza idadi ya wahitimu kwa madaraja, na umma hushangilia. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali la msingi kuliko yote: je, madaraja hayo yamekokotolewa sawasawa? Tumelifanya swali hilo lionekane utovu wa adabu. Mwanafunzi akiliuliza huitwa mlalamishi. Mhadhiri akiliuliza huambiwa anaidhalilisha idara yake. Mimi naliuliza hadharani, kwa kuwa naamini kwamba chuo kisichoweza kumwonesha mhitimu jinsi kilivyofika kwenye daraja lake kimempa tetesi yenye mhuri.

Tuanze na kanuni. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vyetu vingi hapa Tanzania, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, majibu hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Kinachopatikana ndicho GPA. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Mtego upo hapa: jibu hukatwa baada ya tarakimu moja ya desimali, halipandishwi. Aliyepata 3.49 huandikiwa 3.4.

Sina ugomvi na ukataji huo. Mpaka sharti uwepo mahali fulani. Lakini taasisi iliyochagua mpaka mkali kiasi hicho imejitwisha wajibu wa usahihi mkali vilevile, na wajibu huo ndio tunaoukwepa.

Chukua mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360, aliyekusanya pointi 1260. Gawanya: 3.5 kamili, daraja la pili la juu. Sasa karani achoke saa kumi jioni, aandike B badala ya B+ katika kozi moja tu ya krediti 8. Jumla inashuka hadi 1252, na 1252 kwa 360 ni 3.477. Kata: 3.4. Miaka mitatu ya jasho imeteremshwa daraja zima kwa kidole kimoja kilichoteleza.

Hilo ni kosa la kunakili, na angalau linaonekana. Ya hatari zaidi ni makosa ya utaratibu, kwa sababu huvaa sura ya hesabu halali. La kwanza ni kukata kabla ya wakati. Mwanafunzi mwenye pointi 418, 426 na 418 katika miaka mitatu ya krediti 120 kila mmoja ana jumla ya 1262, yaani 3.505, anastahili 3.5. Lakini ukikata kila mwaka peke yake utapata 3.4, 3.5 na 3.4, na wastani wa hizo ni 3.43. Umemnyima daraja bila kubadili hata alama moja. Kanuni ni kukata mara moja tu, mwisho kabisa.

La pili ni kuchukua wastani wa wastani pale ambapo miaka haina krediti sawa. Mwaka wenye krediti 132 hauwezi kuwa na uzito sawa na wenye 108. La tatu ni kuihesabu mara mbili kozi iliyorudiwa. Pale ambapo kanuni inataka matokeo ya marudio yachukue nafasi ya yale ya awali, E ya kwanza haina haki ya kubaki kwenye mgawanyo. Mwenye pointi 1260 akigawanyiwa 372 badala ya 360, kwa sababu krediti 12 za kozi aliyofeli zimeachwa humo, anatoka 3.5 na kuangukia 3.3.

Nitaambiwa kwamba siku hizi mambo yote hufanywa na mfumo wa kompyuta. Ndiyo, na ndiyo maana nina wasiwasi. Karani akikosea humdhulumu mmoja. Fomula ikikosewa hudhulumu darasa zima, tena kwa utulivu usiotiliwa shaka. Kompyuta hutii ilichoamriwa. Je, ni nani katika idara yako aliyewahi kuchukua kalamu na karatasi akahakiki majalada kumi ya wanafunzi dhidi ya majibu ya mfumo?

Nitaambiwa pia kwamba ipo njia ya rufaa. Rufaa gani? Mwanafunzi hupewa siku chache, na katika vyuo kadhaa hutakiwa alipe ada, ili athibitishe kosa lililofanyika ndani ya jedwali asiloruhusiwa kuliona. Zaidi ya hayo, malalamiko hufichua nusu tu ya makosa. Aliyeteremshwa daraja huenda akalalamika. Aliyepandishwa kwa bahati hunyamaza na kushukuru. Chuo kinachosubiri malalamiko ili kijue makosa yake kimeamua kutojua nusu nyingine.

Wala tusijidanganye kwamba sehemu moja ya kumi ni jambo dogo. Nafasi ya ukufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma huhitaji GPA isiyopungua 3.8, mwenye 3.7 hasomwi. Milango mingi ya shahada ya uzamili hufunguka kwa 2.7 na kujifunga kwa 2.6. Mtumishi wa umma anayechambua maombi ya kazi hana muda wa kuuliza tarakimu hiyo ilizaliwaje. Anaiamini kwa sababu ina nembo ya chuo. Imani hiyo ni amana, na amana hairudishwi ikiwa imepungua.

Ninachodai hakihitaji bajeti mpya. Kwanza, kila mhitimu apewe ukurasa mmoja unaoonesha kozi zake, krediti, pointi, jumla na jibu la mgawanyo kabla halijakatwa. Ni alama zake mwenyewe; usiri hauhusiki. Pili, apewe ukurasa huo kabla ya Seneti kuidhinisha matokeo, wakati kosa bado linaweza kufutwa bila kumwaibisha mtu. Tatu, watu wawili wakokotoe kila mmoja kivyake, na kila aliye karibu na mpaka, juu au chini, ahakikiwe kwa mkono. Nne, ukaguzi wa hesabu usitozwe ada wala usiwekewe ukomo. Kuomba mtihani usahihishwe upya ni rufaa. Kuomba kujumlisha kurudiwe ni haki.

Wanafunzi, msisubiri ukurasa huo ushuke kutoka mbinguni. Tunzeni matokeo ya kila muhula, jumlisheni wenyewe, na mkiona tofauti ulizeni kwa maandishi. Nanyi wenzangu tunaoketi kwenye bodi za mitihani, tukumbuke kwamba tunawakata wanafunzi alama wasipoonesha njia ya kufikia jibu. Nasi tuoneshe yetu.