Bi Harusi, Spika za Ukumbini Usizichague kwa Masikio Yako Peke Yako



Wanaokuja kushona nguo za harusi kwetu wana swali lao siku hizi: spika gani nzuri za kukodi? Kila mmoja ana jibu lake na yuko tayari kuliapia. Juzi hapa dukani mama na binti yake nusura wagombane. Binti kasikiliza kasida kwenye simu, kasema safi kabisa, besi imekaa. Mama akavaa vile vispika vya masikioni, akavivua pale pale. "Mbona maneno siyasikii? Kishindo tu!"

Sisi tulikuwa upande wa mama. Mtoto mwenye masikio mazima husikia sauti za mitetemo 20 mpaka karibu 20,000 kwa sekunde. Umri ukisogea, zile nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kupotea, na humo ndimo zinamokaa s, f, th na sh, herufi zinazotenganisha neno na neno. Sauti nene za ngoma hubaki. Kwa hiyo bibi anasikia dufu, anasikia kuna mtu anasoma, lakini hajui amesema nini. Watu wanapiga kelele, "Fundi, ongeza, bibi hasikii!" Fundi anaongeza, na kinachozidi ni kishindo. Tumeshaona zaidi ya mara moja bibi aliyemlea bi harusi anaomba arudishwe nyumbani, kichwa kinamuuma, na bi harusi bado hajatolewa.

Mtasema usiku ni wa bi harusi, si wa bibi. Haya. Lakini nani kakuombea dua miaka yote hiyo?

Na bei isikutishe. Tulijaribu wenyewe: mmoja wetu anapiga, wengine tumegeukia ukutani, hatujui ipi ya ghali. Wawili walichagua ya bei rahisi! Walipogeuka na kuiona, mmoja akabadilisha kauli.

Ila faili ni jambo jengine. MP3 hupunguzwa kwa kutupwa sauti ambazo masikio mengi hayazitambui. Ikibanwa kidogo wengi wetu hatujui tofauti. Ikibanwa sana, s zinaanza kuchuruzika. Kwenye simu hulioni hilo, ukumbini ndipo linapojitokeza. Kwa anayemfundisha mtoto Qur'ani kwa kusikiliza ni zaidi: sin, sad na tha zikifanana, mtoto atashika alichosikia.

Basi kabla ya kulipa arbuni, nenda na bibi ukumbini. Mpigie kasida asiyoijua, umwombe akwambie maneno aliyoyasikia. Punguza besi kwanza, usiongeze sauti. Mtafutie kiti karibu na spika ndogo, mbali na zile kubwa. Ukumbi mtupu huvuma, lakini watu wakijaa na nguo zao sauti hutulia. Mapazia mazito nayo husaidia (hayo tunashona). Fundi akikwambia mitambo yake imetoka Dubai, mwambie vizuri, lakini tunamsubiri bibi ajibu.