Talaka Haifuti Jina Katika Hati

Mume humwacha mke kwa neno moja, eda ikesha, kila mtu akashika njia yake. Lakini nyumba waliyoiandikisha kwa majina mawili, msajili wa ardhi hana habari ya talaka hiyo. Majina yangali pale pale.

Hapa ndipo penye hatari kwetu Waislamu. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 chasema wenye kumiliki kwa pamoja, bila mafungu, mmoja akifa haki yake humwendea aliyebaki. Basi mtalaka akitangulia, nyumba yote yachukuliwa na mtu ambaye kwa faraidhi si mrithi wake tena, na watoto na mama mzazi wabaki mikono mitupu!

Wakipatana, watie sahihi hati ya kuhamisha, au wagawane mafungu, kisha isajiliwe. Mmoja akikataa, ni mahakama. Cheti cha talaka peke yake hakitoshi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 3, yamruhusu Muislamu kufuata sharia yake.

Na wewe mama uliyeuza bangili ukanunua saruji, usitie sahihi kwa kuona haya. Fungu lako lilipwe kwanza.

Wenye nyumba zisizo ardhi, nao Mombasa ni tele, hawana hata hati ya kusahihisha. Hao na waziweke vizuri karatasi za mauziano, na mashahidi wangali hai.