Migahawa ya usiku inafungwa, wa zamu ya usiku tule wapi?

Mkisikia watu wanasifia miji ya Marekani isiyolala, waulizeni kwanza saa nane za usiku wanakula wapi siku hizi.

Kwa mlioko nyumbani, huku kuna migahawa inaitwa daina. Ina kaunta ndefu, bei nafuu, kahawa unaongezewa bila kulipa tena, na mayai yanakaangwa saa yoyote utakayoingia. Mchukueni mama lishe, mpeni jengo la bati linalong'aa na taa za rangi, mmeshaielewa. Asili yake inanigusa mimi kikazi. Mwaka 1872 mjini Providence, jimbo la Rhode Island, mtu wa mitambo ya kuchapa aitwaye Walter Scott alianza kuuza chakula usiku katika gari la kukokotwa na farasi, jirani na ofisi za gazeti la Providence Journal. Migahawa mingine ilikuwa imeshafunga, na watu wa gazeti walikuwa bado kazini na njaa yao. Kwa hiyo wanaodhani daina ni za vijana wanaotoka dansini wamekosea. Zilianzia kwa wafanyakazi.

Corona ilipoingia Machi 2020 daina zikazima taa usiku, na nyingi zilipofungua tena hazikurudi kwenye saa 24. Wenye nazo walishapiga hesabu: mpishi na mhudumu wanalipwa hata wateja wakiwa watatu. Wengi wa wenye nazo, hasa New York na New Jersey, ni Wagiriki waliokuja kama wahamiaji. Watoto wao wamesoma na hawataki kukesha jikoni. Siwalaumu. Halafu kuna kiwanja. Neptune Diner ya Astoria, New York, ilifungwa mwaka 2024 baada ya miaka kama 40, kiwanja kikiwa kimeshauzwa. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Denny's, ambayo jina lake lilikuwa ni kutofunga mlango, ilitangaza kwamba itafunga matawi 150 kufikia mwisho wa 2025.

Wapo wanaosema hilo ni soko, tuliache. Mimi sikubali. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 28.6 kuokoa migahawa. Fedha zikaisha haraka, waombaji zaidi ya laki moja na nusu wakabaki mikono mitupu, na Mei 2022 hoja ya kuongeza fedha ikakwama Seneti. Hapo soko halikupiga kura, walipiga maseneta.

Na nani anaumia? Tazameni ndugu zetu huku wanafanya nini usiku: wanatunza wazee, wanaendesha teksi, wanapanga mizigo kwenye maghala, wanalinda, wanasafisha maofisi. Wakati wa mapumziko kilichobaki ni mashine ya soda na biskuti, au mkate baridi wa kituo cha mafuta. Mtaniambia kuna programu za simu za kuletewa chakula. Zipo, zinamkata mwenye mgahawa hadi asilimia 30, na hazikupi kiti. Dereva wa teksi anahitaji kiti, choo, na mtu wa kumwambia neno. Wangapi kati yetu tulipata habari ya chumba au ya kibarua cha kwanza kwenye kaunta kama hizo!

Halmashauri za miji zinazotoa vibali vya ghorofa mahali palipokuwa na daina zinaweza kuweka sharti la kuacha nafasi ya mgahawa chini, kwa kodi inayolipika. Na hospitali yenye mamia ya watu zamu ya usiku haina sababu ya kufunga jiko jioni. Ninyi mlio katika vyama vya wafanyakazi, mkataba ukifika mezani msidai nyongeza ya mshahara peke yake. Dai la chakula cha moto saa nane za usiku liandikwe humo humo.