Waacheni Watoto Waimbe

Wapo wanaodharau filamu za kuchekesha, hasa zikiwa na nyimbo. Mimi simo. Bugsy Malone ya Mwingereza Alan Parker ilitoka mwaka 1976, enzi ambazo wanamuziki wa kwao walijipaka rangi usoni na kuvaa viatu vya kumetameta, na hadi leo hunichekesha. Inahusu majambazi wa New York wa mwaka 1929, lakini wachezaji wote ni watoto. Magari yao huenda kwa kukanyaga pedali, na bunduki zao hurusha krimu badala ya risasi. Jodie Foster, mmoja wao, hakuwa ametimiza hata miaka 14 filamu ilipotoka.

Ugomvi wangu uko kwenye nyimbo. Mtoto hufungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu mzima! Nyimbo zilitungwa na Mmarekani Paul Williams, mtunzi hodari, naye aliimba baadhi yake mwenyewe.

Watetezi husema mtoto hana pumzi wala ufundi, nyimbo zingeharibika. Nawauliza: je, filamu nzima haikujengwa juu ya imani kwamba mtoto anaweza? Aliaminiwa kuigiza jambazi, kucheza dansi na kuchekesha watu wazima. Kwa nini anyimwe koo lake? Tena mwaka 1997 kikundi cha National Youth Music Theatre kiliupeleka mchezo huohuo jukwaani London, na vijana wakaimba wenyewe. Hapakuharibika kitu.

Jambo hili si la sinema tu. Nimekaa kwenye sherehe nyingi za shule na kusikiliza risala za wanafunzi zilizoandikwa na walimu. Mtoto husoma maneno asiyoyaelewa, mgeni rasmi hupiga makofi, na sote hujifanya tumemsikia mtoto. Kumbe tumejisikia wenyewe.

Walimu wenzangu, sauti ya mtoto hukwaruza, hukosea, hupotea katikati ya ubeti. Lakini ndiyo hiyo tuliyoajiriwa kuikuza, na sauti haikui kwa kufunikwa. Anayetaka wimbo usio na dosari aimbe yeye, chini ya jina lake. Akimsimamisha mtoto jukwaani, amwachie na kinywa chake.