Kuimba Uovu na Kuusifu Uovu ni Mambo Mawili

Kila wimbo unapozua fujo nchini, hukumu yetu huja mbio na hutumia kipimo kimoja tu: umetaja nini? Ukitaja mambo ya chumbani, ni mchafu. Ukitaja damu, unafundisha ujambazi. Ukitaja wizi wa wakubwa, unahatarisha amani. Usipotaja lolote katika hayo, basi ni wimbo mwema, na upigwe redioni kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane.

Nasema kipimo hicho ni kibovu, na ni wajibu wetu kukiacha. Kimewahi kutufungia nyimbo zilizotaka kutuokoa, na kwa kipimo hichohicho zingepita salama nyimbo zilizowapa moyo wauaji. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: wimbo huu unamweka wapi mtu anayeuimba? Unamfanya shahidi wa uovu, au unamfanya mshirika wake?

Nianze na Unguja, maana huko tulikwisha kupewa mfano tangu enzi za bibi zetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyetembeza vyungu mjini kabla hajajulikana kwa sauti yake, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Miongoni mwa nyimbo zake zilizodumu ni "Kijiti", na kisa chake kinatisha. Mwanamke mjamzito alikuja Unguja matembezini akitokea bara. Alichukuliwa kwenye starehe, pombe ikanywewa, na huko mtu aitwaye Kijiti akambaka na kumuua, kisha akatorokea bara. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu walikwenda mahakamani kueleza waliyoyaona. Mahakama ya wakati wa ukoloni ikawageuzia wao hatia kwa sababu ya ile pombe, na muuaji akawa huru ng'ambo ya maji.

Hebu tupime wimbo huo kwa kipimo chetu cha siku hizi. Una ubakaji, una mauaji, una ulevi, na una lawama juu ya mahakama. Ungeletwa leo mezani kwa wakaguzi wetu, sidhani kama ungevuka mlango. Hata hivyo watu wazima wenye haya zao waliupenda, na mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba katika uzee wake bila mtu kumwambia kuwa anaharibu watoto. Sababu ni kwamba wimbo huo unawaita watu watazame tendo la Kijiti na wamhurumie mgeni aliyedhulumiwa. Hakuna anayeweza kuuimba akajiona yeye ndiye Kijiti. Aliyefungua kinywa kuuimba alisimama pamoja na wale wanawake walioadhibiwa kwa kusema kweli. Ushahidi uliokataliwa mahakamani ulipokelewa barazani, na hadi leo jina la mkosaji limebaki na aibu yake.

Hapo ndipo wimbo unapotofautiana na habari ya gazetini. Ukisoma habari ya mauaji, unabaki kuwa msomaji. Wimbo haukuachi hivyo. Unaazima kinywa chako. Unaurudia ukifua nguo, ukiwa njiani kwenda shambani, ukiwa juu ya bodaboda, na kila ukiurudia unasema maneno ya mtu mwingine kana kwamba umeyatunga wewe. Mtunzi anapoandika neno "mimi", maelfu ya watu watakuja kulitamka, wakiwamo watoto wasiojua maana yake. Kwa hiyo anayetunga kibwagizo anaamua watu watatamka nini pamoja, kwa furaha, tena na tena. Hiyo ni amana kubwa kuliko wengi wa watunzi wetu wanavyodhani.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2019 kundi la Ethic la Nairobi, lililokuwa likipendwa sana na vijana, lilitoa wimbo uitwao "Tarimbo". Ndani yake kumwingilia mwanamke kwa nguvu kulifanywa jambo la kujivunia. Wakenya wengi walikasirika, bodi inayosimamia filamu nchini humo ikataka wimbo uondolewe, ukaondolewa YouTube, na vijana wenyewe wakaomba radhi. Walifanya vyema kuomba radhi. Lakini tujiulize kosa lilikuwa wapi. Siti aliimba ubakaji, nao waliimba ubakaji. Siti alimpa msikilizaji macho ya shahidi. Wao walimpa majigambo ya mtenda. Msichana anayecheza wimbo wa namna hiyo ukumbini anaalikwa kushangilia jambo ambalo huenda alitendewa yeye mwenyewe, na hata jina hana katika wimbo huo. Mada ni moja, uadilifu ni mbingu na ardhi.

Wala mtu asidhani nasema mtunzi asivae kamwe nafsi ya mkosaji. Msanii Ferooz, akishirikiana na mwenzake Professor Jay katika "Starehe", alijivika nafsi ya mtu aliyeponda raha hadi akaangukia kitandani akiwa na UKIMWI. Hapo "mimi" wa wimbo ni mtu aliyekosea. Lakini wimbo ulimfuata hadi mwisho wa njia yake, ukatuonyesha mwili uliokonda na majuto yaliyochelewa. Aliyeimba naye alitoka na hofu yenye manufaa. Ubaya unaanza pale mtunzi anapotuchukua hadi kwenye utamu wa kosa, kisha akatuacha hapo, kana kwamba hakuna aliyeumia na hakuna atakayelipa.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kuwa msanii ni kioo cha jamii, anaonyesha yaliyopo. Nawajibu kwamba kioo hakichagui, na mtunzi huchagua. Huchagua aanzie wapi na aishie wapi, nani apewe jina, nani apewe sauti, na nini kiwekwe kwenye kibwagizo ili kiimbwe na umati. Mwenye kuchagua hawezi kukwepa kuulizwa kwa nini alichagua hivyo.

Niwageukie sasa wenye mamlaka ya kufungia, maana nao wana deni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla ya muongo kwisha maradhi yalikwisha kuingia kila mkoa. Remmy Ongala, mwana wa Kindu aliyefanya Dar es Salaam kuwa kwao, akatunga na bendi yake ya Super Matimila wimbo "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza wanaume wavae kinga. Alisema kwa lugha ambayo mpakia mizigo wa bandarini na mama ntilie wangeielewa. Redio Tanzania ilikataa kuupiga kwa kuona ni matusi. Watu wakawa wanausikia kwenye kumbi na kwenye kanda, wakati redio, iliyokuwa ikifika hadi kijiji cha mwisho, ilinyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nchi ilikuwa inazika vijana wake, na chombo kikubwa kuliko vyote cha kufikisha sauti kikaona haya. Siwadharau waliotoa uamuzi ule. Walidhani wanalinda heshima. Lakini heshima inayomlinda msikilizaji dhidi ya neno huku ikimwacha wazi mbele ya kifo haimfai kitu. Nchini Zaire, mwanamuziki Franco aliwahi kutiwa gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Ni yeye huyohuyo aliyetoa mwaka 1987 wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI. Sauti inayothubutu kusema yasiyosemwa inaweza kupotoka, na inaweza kuokoa. Anayeikata kabisa kwa sababu ya kupotoka kwake anaikata pia siku ya kuokoa.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko yote. Simon Bikindi wa Rwanda alikuwa mwanamuziki hodari, mwenye kundi la ngoma lililosifika. Nyimbo zake zilizotungwa kabla ya mwaka 1994 hazikuwa na matusi. Ziliimba historia, wahenga, kilimo, na umoja wa Wahutu. Lakini umoja huo ulisimamishwa juu ya adui, na adui huyo alikuwa jirani Mtutsi. Mauaji ya kimbari yalipoanza, redio ya RTLM ilizipiga mara kwa mara. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000.

Bikindi alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya kesi za mauaji hayo, iliyokaa hapa kwetu Arusha. Mwezi Desemba 2008 alihukumiwa miaka 15 gerezani. Kilichomtia hatiani kilikuwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, akihimiza Watutsi waangamizwe. Kuhusu nyimbo, mahakama iliona kwamba baadhi yake zilieneza chuki, lakini haikuthibitika bila shaka kuwa alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji ya mwaka ule. Sheria ilikamata kipaza sauti. Nyimbo ziliteleza mikononi mwake.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Nyimbo zile hazikuwa na neno moja la chumbani. Mwalimu angeweza kuzifundisha darasani bila kuona haya. Kinyume chake, wimbo wa Remmy, uliojaa maneno ya kuonewa haya, ulikuwa unalilia uhai wa watu. Ikiwa macho yetu yanatafuta matusi tu, tutamfukuza rafiki mwenye maneno makali na kumkaribisha adui mwenye maneno ya adabu. Na kwa kuwa sheria, hata ile ya majaji wa mataifa, haiwezi kuingia moyoni mwa kila mtunzi, kazi iliyobaki ni ya dhamiri. Hakuna baraza litakaloifanya kwa niaba yetu.

Lipo pia suala la mahali na masikio. Mababu zetu hawakuogopa kuimba mambo ya mwili. Nyimbo za unyago husema kila kitu waziwazi, na Bi Kidude alikuwa bingwa wa fani hiyo. Lakini ziliimbwa ndani, mlango umefungwa, kwa wasichana waliokwisha kuvunja ungo, na mbele ya wakubwa waliokuwa tayari kueleza maana na kubeba dhamana. Leo maneno ya namna hiyo yanafunguliwa kwa sauti ya juu ndani ya daladala saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto wa darasa la pili amesimama katikati ya abiria, mkoba mgongoni. Mtunzi akikutwa hapo husema ni fumbo, wenye akili ndio watakaoelewa. Fumbo analoelewa kila mtoto wa mtaani limekwisha kuwa kelele. Wimbo mmoja unaweza kuwa halali ukumbini usiku na dhambi redioni asubuhi, na aliyeupiga saa mbaya ana lawama yake kando ya aliyeutunga.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka waweke mizani inayojulikana na kila mtu. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo", Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia, na muda mfupi baadaye waziri akatangaza kuwa Rais ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Tulifurahi kwamba kijana alitoka. Lakini haki isiyokuwa na kanuni, inayofungwa na ofisi moja na kufunguliwa na nyingine, haimfundishi msanii lolote ila kuchungulia upepo. Kanuni ziandikwe, sababu za kila uamuzi zitangazwe, na anayelalamikia wakubwa asiwekwe kapu moja na anayesifu kubaka. Wa kwanza anaudhi wenye nguvu. Wa pili anaumiza wanyonge. Taifa lisilotofautisha maudhi na maumivu litaishia kulinda wenye nguvu peke yao.

Nawaomba watangazaji wasikilize wimbo wote kabla ya kuuweka hewani, na wamkumbuke msikilizaji wa saa ile. Kupokea bahasha kisha ukapiga usichokisikiliza ni kuuza masikio ya watoto wa wenzako. Nawaomba wazazi waache kupiga marufuku bila maneno. Mtoto akiimba jambo baya, mkalishe, muulize anayeongea katika wimbo huo ni nani na aliyeumizwa ni nani. Mtoto aliyefundishwa swali hilo ana kinga ambayo hakuna baraza linaloweza kumpa.

Na ninyi watunzi, hasa vijana, msiogope mambo mazito. Imbeni ubakaji, maana upo majumbani mwetu. Imbeni rushwa, imbeni wanaojiua, imbeni baba anayempiga mama. Nchi inayokataza nyimbo hizo inajiziba masikio yake yenyewe. Lakini kabla hamjaingia studio, jiulizeni kama mngeweza kukisoma kibwagizo chenu mbele ya mtu aliyeumizwa na jambo hilohilo, mkimtazama usoni. Mkiona mnaweza, nendeni mkarekodi, na sisi tutasimama nanyi dhidi ya yeyote atakayewafungia. Mkiona hamwezi, rudini kwenye daftari mkaandike upya.