Ngumi si Kipimo cha Kondomu

Nimeliona onyesho hili mara nyingi kwenye semina za vijana. Mwelimishaji anachana pakiti, anatumbukiza ngumi ndani ya kondomu na kuivuta hadi karibu na kiwiko. Ukumbi unaangua kicheko. Naye anamalizia: "Mmeona? Asiniambie mtu haimtoshi!"

Somo hilo linawapotosha vijana wetu. Mpira kutanuka ni jambo moja, kukaa mahali pake ni jingine. Viwandani, sampuli za kondomu hujazwa upepo mpaka zipasuke, na zile za upana wa kawaida hutakiwa kuhimili lita 18. Huo ni uthibitisho wa uimara. Haumsaidii mtu ambaye kondomu inampwaya, inateleza kidogo kidogo, na anapojitoa inabaki ndani ya mwenzake.

Inayobana nayo ina balaa lake. Haishuki vizuri hadi kwenye shina, inauma, na mvaaji huishia kuivua katikati ya tendo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wanaume 436. Wale ambao kondomu yao ya mwisho haikuwakaa sawasawa ndio waliotaja zaidi kupasuka, kuchomoka na kuivua kabla ya kumaliza. Na sisi binti akishika mimba tunawaambia yeye na mwenzake, "Hamkuitumia vizuri," basi, mjadala umefungwa. Nani aliwahi kumuuliza yule kijana kama ilimkaa?

Hatuulizi kwa sababu ya aibu. Inayobana mwanamume ataitangaza hata kijiweni. Inayopwaya atakufa nayo moyoni, na dukani atachagua kubwa ili asichekwe. Hapo ndipo hatari ilipojificha, na kejeli zetu ndizo zinazoilea.

Wataalamu wanajua kuwa saizi moja haimfai kila mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA) wa ununuzi wa kondomu umetaja upana wa milimita 49 pamoja na 53. Upana huo hupimwa kondomu ikiwa imelazwa, kwa hiyo ya 53 ina mzingo wa milimita 106. Uzi na rula vinatosha kumwonyesha mtu mzingo wake, akiwa peke yake chumbani, uume ukiwa umesimama.

Ninachodai ni namba hizo ziandikwe kubwa kwenye pakiti, na saizi zote ziwepo hata kwenye maboksi ya bure ya zahanati. Kijana aingie duka la dawa, ataje milimita zake kama babu yake anavyotaja kipimo cha kofia, na muuzaji ampe bila kutabasamu.